Nataka kuwapeleka mama na mke wangu kwenye maji moto ya Japani: tutaogaje, tutakula nini?

Swali: "Nasoma Kobe, kwetu Tanga. Novemba hii mke wangu na mama yangu mzazi wanakuja kunitembelea, nami nataka niwapeleke siku mbili kwenye chemchemi za maji moto huko shamba. Nimeona nyumba ya wageni kijiji cha Yunomine, mkoa wa Wakayama: yen 9,500 kwa mtu, chakula cha jioni na cha asubuhi ndani yake, choo cha pamoja. Sisi ni Waislamu. Mama ana miaka 63, ana presha na magoti yanamsumbua. Je, ni kweli lazima mtu aoge uchi mbele ya watu? Chakula tutafanyaje? Wanaweza kutukataa mlangoni kwa rangi yetu? Au niachane nayo, niwapeleke hoteli kubwa?"

Jibu:

Usiachane nayo, ndugu yangu. Kwa hali uliyoieleza, nyumba ndogo itawafaa kuliko hoteli kubwa. Ina masharti yake, lakini karibu yote yanamalizwa kwa simu moja kabla hamjatoka Kobe. Nilifanya kazi miaka sita kwenye nyumba ya namna hiyo mkoani Oita, nikitandika, nikiosha vyombo, nikisugua mabirika usiku wageni wakishalala. Kwa hiyo mengi ninayokueleza niliyaona kutokea jikoni.

Tuanze na uchi, maana ndio unaowatoa watu jasho. Ndiyo, kwenye bafu la pamoja mtu huingia bila nguo, wanaume kwao na wanawake kwao. Nguo ya kuogelea hairuhusiwi, na hata kile kitaulo kidogo unachopewa hakitakiwi kugusa maji; Wajapani hukikunja wakakiweka kichwani. Usidhani ni ukaidi. Fikiria birika la msikiti wa zamani kwetu pwani. Hakuna anayetumbukiza mguu wenye tope mle, wala anayepaka sabuni juu yake. Unachota kwa kata, unajisafisha pembeni, maji ya birika yanabaki safi kwa anayekuja nyuma yako. Onsen, ndivyo wanavyoyaita maji moto yao, ina adabu hiyohiyo, ila huku ukishatakata unaingia mwenyewe ndani ya birika.

Sasa, hoteli kubwa ina bafu la watu hamsini na mlango haufungwi. Huko mama yako atakaa kwenye kigoda katikati ya wanawake asiowajua, na wewe utakuwa upande wa pili wa ukuta huwezi hata kumwita. Nyumba ya vyumba vitano au sita, ile wanayoiita minshuku, mara nyingi ina birika moja au mawili ya ukubwa wa kitanda, na wageni huingia kwa zamu. Unageuza kibao mlangoni kuonyesha kuna mtu, unatia komeo kwa ndani, basi. Mke na mama wanaingia pamoja wakijistiri wanavyotaka wenyewe, au mama anaingia na mkeo anamsubiri kizingitini. Neno la kuuliza kwenye simu ni "kashikiri", maana yake kulichukua bafu peke yenu kwa muda: "Ofuro wa kashikiri dekimasu ka?" Wakijibu "hai", nusu ya barua yako imejibiwa. Wakisema hapana, tafuta nyumba nyingine palepale kijijini, zipo kadhaa.

Na umechagua kijiji chenye bahati. Yunomine kuna Tsuboyu, kibanda cha mbao kilichojengwa juu ya kijito katikati ya kijiji, na ndani yake kuna shimo la mwamba linaloenea watu wawili, watatu wakibanana. Kimo ndani ya Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2004, pamoja na njia za mahujaji za Kumano, kwa sababu mahujaji walikuwa wakijitakasa kwa maji ya hapo kabla ya kwenda kwenye mahekalu. Hakuna kuweka nafasi mapema. Unalipa dirishani, unapewa namba, unangoja zamu yako, kisha kibanda ni chenu kwa dakika thelathini, mlango umefungwa. Sabuni marufuku mle ndani. Ingia na mkeo kwanza. Kisha mkeo na mama, kama magoti ya mama yatakubali zile ngazi za kuteremkia, ambazo ni nyembamba na zina utelezi. Kama hayakubali usimlazimishe. Nendeni asubuhi na mapema, maana mchana mabasi yakishashusha watu foleni huwa ndefu.

Harufu haitamshangaza mama. Mtu aliyekulia Tanga anayajua maji ya kiberiti ya Galanos kule Amboni, na Yunomine ni harufu hiyohiyo ya yai. Ila mwambieni avue bangili na pete za fedha, aziache chumbani. Maji ya kiberiti huigeuza fedha kuwa nyeusi kama sufuria ya kuni, na nimeshuhudia mgeni akilia kwa ajili ya mkufu wa bibi yake.

Jambo jingine ambalo sijaona mtu akiwatahadharisha watu wetu ni hina na piko. Mkeo akija amejipamba mikono na miguu, Mjapani asiyejua ataona chale. Wahalifu wa magenge ya huku hujichora mwili mzima, ndiyo maana bafu nyingi huwakataa waliochorwa. Uchunguzi wa shirika la utalii la serikali mwaka 2015 ulikuta zaidi ya nusu ya nyumba zilizojibu zinakataa. Kwenye bafu mlilojifungia hakuna atakayeuliza. Lakini kama mkeo atataka kuingia bafu la wanawake la pamoja, mwenye nyumba aambiwe kabla kwamba ni rangi ya kupaka tu, inafutika baada ya wiki mbili, ni pambo la harusi. Ukishataja harusi, uso wa mtu hulainika.

Sasa kuhusu mama na presha. Hili nalitilia mkazo kuliko hilo la uchi, maana uchi unamalizwa na komeo. Maji ya Yunomine hutoka ardhini yakikaribia kuchemka, na hata yakishapoozwa, birika la nyuzi 42 ni la kawaida kabisa kwa Wajapani. Nyuzi 42 kwa mtu wa presha si mchezo. Novemba milimani ni baridi, mishipa inabana akivua nguo kwenye chumba cha kubadilishia, kisha inafunguka ghafla akiingia majini. Hapo ndipo wazee wanaanguka, na Wajapani wenyewe huwapoteza wazee wao hivyo kila majira ya baridi. Amuulize daktari wake kabla ya safari, na dawa asiziache hata siku moja. Asiingie mara tu baada ya kula. Akae kwenye kigoda, ambacho kwa urefu ni kama kibao cha mbuzi, kwa hiyo kwa magoti yake omba kile kirefu, nyumba nyingi sasa wanacho. Ajimwagie maji ya moto kidogokidogo kuanzia miguuni, mapaja, mikono, ndipo mwilini, mpaka ngozi izoee. Ndani ya birika akae maji yakimfikia tumboni tu, dakika tatu au nne, atoke, apumzike, arudi akipenda. Wakati wa kutoka ashike ukingo, asimame taratibu. Kizunguzungu huja pale anaposimama. Na asiwe peke yake.

Bomba la maji baridi huwa lipo pembeni. Kwenye bafu mlilojifungia hakuna ubaya kufungulia kidogo kupunguza ukali, ila funga kabla ya kutoka. Wanaokufuata wamelipia maji moto.

Usimwahidi mama kwamba magoti yatapona. Ukutani kwenye chumba cha kubadilishia nguo utaona karatasi yenye maandishi mengi: joto la maji yanapotoka, uchachu wake, madini yaliyomo. Sheria ya mwaka 1948 ndiyo inayosema nini kiitwe onsen: maji yatoke ardhini na joto lisilopungua nyuzi 25, au yawe na walau kimoja kati ya vitu 19 vilivyoorodheshwa. Maana yake maji ya baridi yanaweza kuitwa onsen kihalali, na ya moto yakawa yamechanganywa na ya bomba. Mwaka 2004 ilizuka kashfa, zikagundulika nyumba zinazotia rangi ya dukani ili maji yaonekane meupe. Tangu 2005 kila nyumba inatakiwa itangaze kama inaongeza maji, inayapasha moto, inayazungusha au inatia dawa. Hilo ndilo la kusoma, au la kumpigia picha mwenzako anayejua Kijapani. Kijiji kama Yunomine, ambako maji yapo tele, ni pazuri kwa sababu hiyo. Maumivu yatapungua kwa saa chache, usingizi utakuwa mtamu, na hayo si haba.

Chakula. Hapa ndipo mnapoweza kuharibiana siku bila mtu yeyote kuwa na kosa.

Ngoja nikuonyeshe jikoni palivyo. Bibi mwenye nyumba niliyofanyia kazi alikuwa na umri wa miaka sabini na kitu, akipika na mwanawe tu. Mgeni amesema atakula saa 18:00, yaani saa kumi na mbili jioni. Saa kumi na mbili kasorobo anapanga samaki wa mtoni kwenye vijiti karibu na makaa, chumvi imeshapakwa kwenye mapezi ili yasiungue. Tempura, vipande vya kukaanga vilivyovikwa unga, vinasubiri mafuta. Sahani kumi na moja ndogondogo kwa kila mtu, ya kachumbari, ya tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa), ya uyoga alioukusanya mwenyewe mlimani. Siku moja familia iliahidi saa kumi na mbili ikafika saa moja na nusu, wakicheka, wamepitia dukani. Bibi hakusema neno. Alitupa samaki wote akaanza upya, na usiku ule nikamkuta jikoni ameketi sakafuni amejishika kiuno. Wale wageni waliandika mtandaoni kwamba huduma ilikuwa nzuri sana. Ndiyo maana nakusihi: ukisema saa, ni saa. Basi likichelewa, piga simu.

Nguruwe kumwepuka ni rahisi, anaonekana. Shida ni pombe ya mapishi. Mirin, pombe tamu ya mchele, inaingia kwenye mchuzi wa karibu kila kitu kilichotokoswa, na sake vilevile. Miso, ule uji mzito wa soya wa kutilia supu, nyingine hutiwa pombe ili isichache. Nyama ya ng'ombe na kuku wa shamba la kule si za kuchinjwa. Mnabaki na samaki, mayai, mboga, tofu na wali. Supu ya msingi, dashi, kwa kawaida ni ya samaki mkavu na mwani, hiyo haina neno, lakini mara nyingi imeshachanganywa na mirin kabla haijafika mezani. Mpishi ukimwambia siku ileile, atakwama, maana mchuzi ameupika jana.

Kwa hiyo una njia mbili. Ya kwanza, andika wiki moja kabla, hivi: "Shūkyō no riyū de, butaniku, gyūniku, toriniku to, sake ya mirin o tsukatta ryōri wa taberaremasen. Sakana, yasai, tamago wa daijōbu desu." Maana yake, kwa sababu za dini hatuli nguruwe, ng'ombe, kuku, wala vyakula vilivyopikwa kwa sake au mirin, samaki, mboga na mayai sawa. Mwombe akuchomee samaki kwa chumvi tu. Akijibu kwamba hawezi, amekufanyia hisani, msamehe. Anayejibu "sawa" haraka mno ndiye wa kumuuliza mara ya pili.

Njia ya pili, ambayo mimi ningeichagua kwa safari yenu, ni kulipia kulala tu, "sudomari", au kulala na chakula cha asubuhi. Bei inashuka sana, na mpishi hatahangaika. Na Yunomine, jikoni ni kijiji chenyewe. Kando ya kijito kuna kisima cha mawe kiitwacho Yuzutsu, maji yake yana nyuzi tisini hivi, na kazi yake ni kupikia. Unanunua mayai kwenye wavu dukani hapo jirani, unaning'iniza kamba, unangoja. Umesikia wanavyochemsha mayai Bogoria kule Kenya? Ndivyo, ila huku wameweka na mahali pa kukaa. Viazi vitamu na mboga navyo vinaiva, kiazi kinataka subira. Bebeni kutoka Kobe wali wa tayari, samaki wa kopo, achari ya mama, tende. Kobe una msikiti na maduka ya halali, huna udhuru. Chakula cha asubuhi cha Wakayama huwa uji wa mchele, Yunomine huupika kwa maji ya chemchemi, na mama atajisikia nyumbani, japo atauliza sukari iko wapi.

Kuhusu kukataliwa. Sheria ya nyumba za wageni, nayo ya 1948, hairuhusu mwenye nyumba kumfukuza mgeni ila kwa sababu zilizotajwa humo, na rangi au uraia hazimo. Kwa bafu za umma, mahakama ya wilaya ya Sapporo iliamua mwaka 2002 kwamba bafu lililoweka tangazo la kuwakataza wageni wa nje lilifanya ubaguzi, likaamriwa kuwalipa walalamikaji watatu yen milioni moja kila mmoja. Hayo ya sheria. Ya maisha ni kwamba mtakodolewa macho, hasa na watoto na wazee, na mwenye nyumba anaweza kuwa na hofu. Mara nyingi hofu hiyo ni ya lugha: nitamwelezaje huyu mambo ya bafu? Wewe unasoma huku, bila shaka unasema Kijapani kidogo. Salamu yako mlangoni itaondoa zaidi ya nusu ya hofu hiyo. Pasipoti za mama na mke zitaombwa na kutolewa nakala. Ni sheria kwa wageni wasio na makazi Japani, wala msione wametiliwa shaka. Wewe onyesha kadi yako ya ukaazi.

Mengine ni madogo. Viatu vinabaki mlangoni, na ndani ya choo kuna kandambili zake ambazo hazitoki chooni. Kila mgeni hujisahau mara moja akaja nazo mpaka chumbani. Sakafu ya chumba ni tatami, mikeka minene iliyobanwa, hakuna anayeikanyaga kwa kiatu, kwa hiyo sala haina tabu: kibla ni magharibi ikielemea kaskazini kidogo. Futoni, magodoro yao, hutandikwa chini, na kwenye nyumba za bei hii mnatandika wenyewe. Kwa mama omba chumba cha chini na kiti. Yukata, lile vazi la kulalia kama kanzu iliyo wazi mbele, hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu ya wa kulia; kinyume chake ni mavazi ya maiti, na bibi atakimbia kukurekebisha. Ukiingia bafu la pamoja, soma alama ya pazia kila mara: 男 ni wanaume, 女 ni wanawake. Usiifuate kumbukumbu ya jana. Mimi ndiye niliyekuwa nabadilisha mapazia usiku ili wageni wote waonje mabirika yote mawili, na alfajiri niliwahi kusikia ukelele ambao mpaka leo nacheka nikiukumbuka.

Chukua fedha taslimu mjini kabla ya kupanda basi. Kuna kodi ya kuoga, kwa kawaida yen 150 kwa mtu, hulipwa juu ya bei. Bakshishi usitoe, utamfanya mtu akufukuze barabarani kukurudishia. Zawadi ni tofauti. Mwambie mama abebe pakiti ya kahawa ya Kilimanjaro. Jina hilo Wajapani wanalijua vizuri, huuza kahawa ya arabika ya Tanzania kwa jina hilohilo, na ukimwambia bibi kwamba mlima wenyewe uko kwenu, atawaletea chai mara mbili.

Kuhusu usafiri, treni ya haraka ya Kuroshio itawafikisha Kii-Tanabe kutoka Shin-Osaka kwa zaidi ya saa mbili kidogo, kisha basi la karibu saa mbili kupanda milimani, njia ya kona nyingi. Mama akae mbele. Mabasi ni machache, la jioni likikupita hakuna jingine. Hesabuni kufika kama saa kumi alasiri, ili mama apumzike kabla ya kuoga na ninyi mpate kununua mayai. Duka hufunga mapema.